Ghost of Tsushima: Uchague ugumu gani, na misheni za pembeni uziendee vipi?

Gemu inakuuliza swali la ugumu mapema kabisa, kabla hujajua hata kitufe cha kukinga kiko wapi. Saa chache baadaye ramani ya Izuhara, eneo la kwanza la kisiwa, imeshajaa alama: mbweha, chemchemi, kambi za Wamongolia, wanakijiji wenye shida zao. Wachezaji wengi huyachukua haya kuwa maamuzi mawili tofauti: kwanza ugumu, halafu nini cha kufanya na alama zote hizo. Mimi nayaona ni uamuzi mmoja. Kiwango cha ugumu ndicho kinachopanga ni misheni zipi za pembeni zitakusaidia kweli na zipi ni matembezi tu, na ndiyo maana ushauri wa mtu anayecheza Lethal, kiwango kigumu kuliko vyote, unaweza kumpotezea muda mtu anayecheza Normal, wakati wote wawili wanasema kweli.

Kwa ambaye bado hajaigusa: Ghost of Tsushima ilitengenezwa na Sucker Punch, ikatoka kwenye PlayStation 4 mwezi Julai 2020. Toleo la Director's Cut, lenye kisiwa cha ziada cha Iki, lilifuata Agosti 2021, na la kompyuta likafika Mei 2024. Unamcheza Jin Sakai, samurai aliyenusurika Wamongolia walipovamia kisiwa cha Tsushima mwaka 1274. Viwango vya ugumu ni vinne: Easy, Normal, Hard na Lethal. Hicho cha mwisho hakikuwepo siku ya kwanza. Kiliongezwa kwa sasisho muda mfupi baada ya gemu kutoka.

Kabla ya kulinganisha, kuna mambo matatu ya kukutoa wasiwasi. Ugumu unaweza kubadilishwa wakati wowote kwenye mipangilio. Hakuna trofi hata moja inayodai kiwango fulani, kwa hiyo anayetafuta platinamu (trofi ya kukamilisha zote) hana sababu ya kujitesa. Na simulizi kuu ikiisha, unaendelea kuzurura kisiwani na kumalizia ulichoacha, kwa hiyo kuruka jambo leo si kulipoteza.

Vigezo

Nitavipima viwango kwa mambo matano: uzito wa kipigo, nafasi ya kukosea muda wa kukinga na kukwepa, hali ya kujificha, mapambano ya mtu kwa mtu, na thamani ya misheni za pembeni. Kigezo cha tatu na cha tano ndivyo watu husahau. Wengi huuliza tu "nitakufa mara ngapi?", ilhali swali linalogusa saa zako zote za mchezo ni kama ile chemchemi uliyoifuata hadi mlimani imebadilisha chochote kwenye pambano linalofuata.

Easy

Kipigo ni chepesi na maadui hawana pupa. Ukikosea kukinga unapoteza kipande cha afya, unajiponya kwa azma (vile viduara vya njano karibu na mstari wa afya), unaendelea. Kujificha kunawezekana, ila hakulazimishwi; ukionekana kambini unatoka mafichoni na kupigana na kambi nzima bila hofu kubwa. Mapambano ya mtu kwa mtu, ambayo kwingineko huwa kizuizi, hapa ni tamasha la kutazama majani yakipeperuka.

Thamani ya misheni za pembeni kwa upande wa nguvu ni ndogo. Huhitaji afya ya ziada wala hirizi (vitu unavyovaa kuongeza uwezo wa Jin) ya kukusaidia kukinga. Unafanya kisa cha pembeni kwa sababu unataka kujua Bibi Masako, mmoja wa wenza wa Jin, atamaliza vipi kisasi chake, na hiyo ni sababu tosha. Inamfaa anayecheza kwa ajili ya hadithi, mgeni wa gemu za mapigano, na mwenye saa moja tu usiku baada ya watoto kulala.

Hapohapo kuna chaguo jingine ambalo wengi hawalijui kwa sababu limekaa kwenye mipangilio ya ufikivu: hali ya mapigano mepesi. Si kiwango cha tano. Inapunguza sehemu zinazodai vidole vya haraka. Baadhi ya mapigo ambayo kwa kawaida hayazuiliki unaweza kuyazuia kwa kushikilia tu kitufe cha kukinga, na maadui hupunguza kukuandama unapojiponya. Kama shida yako ni mikono au kasi ya macho, anza na hiyo kabla ya kulaumu kiwango.

Normal

Hapa ndipo gemu inapokaa katika mizani yake. Kipigo kinauma bila kuua papo hapo. Muda wa kukinga una huruma ya kutosha kujifunza tofauti mbili muhimu: mng'ao wa buluu kwenye silaha ya adui unamaanisha unaweza kulikinga pigo hilo ukibonyeza kwa wakati wake, na mng'ao mwekundu unamaanisha toka hapo. Kujificha kunalipa, kwa kuwa kambi yenye wapiga mishale ni kero ukiiingia kwa mlango wa mbele, lakini ukigunduliwa hujaharibikiwa.

Kwenye mapambano ya mtu kwa mtu ndipo Normal inaanza kukupima, kwa sababu huko hakuna kunai (visu vya kurusha), hakuna mabomu ya moshi, hakuna upinde. Ni katana na subira. Aliyezoea kurusha vitu hapa anagundua hajawahi kujifunza kukinga.

Misheni za pembeni zina faida ya wastani kwenye kila kitu. Chemchemi za maji moto 18 za kisiwa kikuu huongeza kiwango cha juu cha afya. Vituo 16 vya kukata mianzi huongeza azma, si kila kimoja bali kila unapofikia idadi fulani. Mapango 49 ya mbweha hufungua nafasi za hirizi. Kwenye Normal huwezi kukosea sana: chochote utakachofanya kitakusukuma mbele kidogo. Inamfaa anayecheza mara ya kwanza na hajui bado anapenda nini.

Hard

Maadui wana pupa zaidi, wanapiga kwa nguvu zaidi, ilhali katana yako haipati makali ya ziada. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mizani imeinama upande mmoja, kwa hiyo kila pambano linakuwa refu kwako: unajihami zaidi, unapiga kidogo, unarudi nyuma, na wakati huo mwenye ngao na mwenye mkuki wamekuzunguka. Mikao minne (Jiwe kwa wenye panga, Maji kwa wenye ngao, Upepo kwa wenye mikuki, Mwezi kwa yale mapande ya watu) si pambo tena. Usipobadilisha mkao, ngao haivunjiki na azma inaisha.

Kujificha kunakuwa na maana halisi, kwa sababu kupunguza watano kimyakimya kabla ya vita kuanza ndiko kunakoamua matokeo. Mapambano ya mtu kwa mtu ni marefu na yanachosha; mpinzani anakuacha na nafasi ndogo ya kujiponya.

Ni hapa, kuliko kiwango kingine chochote, misheni za pembeni zinalipa kila dakika. Afya ya ziada inakuruhusu pigo moja zaidi la makosa. Azma ya ziada ni kujiponya mara moja zaidi. Kuboresha katana kwa mfua panga kunafupisha vita ambavyo vingekuchosha. Mchezaji wa Hard anayekimbilia simulizi kuu tu atajiona anapigana na kuta. Inamfaa anayependa kujengeka polepole na kuona matokeo ya kila alichokusanya, asiyechukia vita virefu.

Lethal

Jina linatisha kuliko hali yenyewe, na wakati mwingine ni kinyume chake. Silaha za maadui zinaua haraka, lakini katana ya Jin nayo inaua haraka. Maadui wana pupa, wanakuona mapema zaidi, na muda wa kukinga na kukwepa umebana. Mwenye upanga wa kawaida anaweza kuanguka kwa mapigo mawili matatu, wewe pia.

Tazama ule mkabala wa kuitana kabla ya vita, kwa kuwa unaonyesha tofauti yote. Unafika mbele ya kambi, unabonyeza mshale wa juu, Jin anawaita watoke. Mmoja anajitenga na wenzake na kukujia. Umeshikilia kitufe cha pembetatu. Anatikisa bega kana kwamba anakuja, anarudi. Aliyeachia kitufe hapo ameumia. Anakuja kweli, unaachia, anaanguka, na ukiwa umeboresha ustadi huo, mwingine anayefuata anaanguka vilevile. Ukikosea kwenye Normal, unabaki na afya kiduchu na nafasi ya kujiokoa. Kwenye Lethal, afya kiduchu haina tofauti kubwa na kukosa, kwa sababu pigo linalofuata ndilo la mwisho. Lakini ukipatia, umeshapunguza kundi kwa sekunde chache, na waliobaki hawahitaji mapigo mengi. Mapambano ya kambi kwenye Lethal mara nyingi ni mafupi kuliko ya Hard.

Pasipo na ufupi ni kwenye mapambano ya mtu kwa mtu. Mpinzani mkubwa hamalizwi kwa mapigo mawili, ila wewe unamalizwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu isiyo na usawa ya kiwango hiki, na wengi wanaokiacha wanakiachia hapo.

Kwenye misheni za pembeni, Lethal inageuza orodha nzima. Chemchemi za maji moto, ambazo kwenye Hard ni dhahabu, zinashuka thamani: ukifa kwa pigo moja ama mawili, mstari mrefu wa afya unakusaidia kidogo tu. Kinachopanda ni hirizi. Hirizi ya Mizu-no-Kami, inayoongeza muda wa kukinga na kukwepa, inakurudishia sehemu ya kile ambacho kiwango kimekunyang'anya. Mapango ya mbweha, kwa kuwa ndiyo yanayofungua nafasi za hirizi, yanatangulia mbele ya kila kitu. Mavazi ya kupunguza kuonekana, kama yale ya Ronin, yanapata kazi. Inamfaa aliyekwishajua kukinga, asiyekasirika kurudia, na anayependa vita vinavyoamuliwa kwa kosa moja.

Njia tatu za kuziendea misheni za pembeni

Sasa upande wa pili wa uamuzi. Njia zipo nyingi, ila zote huishia kwenye hizi tatu: kusafisha eneo zima kabla ya kusonga, kufuata simulizi kuu na kuokota kilicho njiani, au kuwinda zawadi maalumu. Nazipima kwa muda unaotumika, nguvu unayopata, na kama utachoka kabla ya mwisho.

Kusafisha eneo zima

Unakaa Izuhara, unakomboa kila kambi, unamfuata kila ndege wa dhahabu, unamsikiliza kila mwanakijiji, ndipo unakwenda kuishambulia ngome ya Kaneda inayofunga sehemu ya kwanza ya simulizi. Faida yake ni nguvu nyingi mapema. Kila kambi na kila kisa hukuza sifa ya Jin, na sifa ndiyo inayoleta pointi za ustadi. Viongozi wa kambi ndio njia ya kufungua mikao: unawachunguza wakiwa mazoezini ukiwa umejificha, kisha unawaua, na vyote viwili vinahesabiwa. Ukomboaji wa kambi pia unafuta ukungu kwenye ramani.

Ubaya wake ni mambo mawili. La kwanza, baadhi ya zana hupatikana kwenye simulizi kuu pekee. Kulabu ya kupandia majabali inatoka kwa Taka, mdogo wake Yuna (mwizi aliyemwokoa Jin), na bila hiyo mahekalu mengi ya Shinto hayafikiki. Utazunguka chini ya mlima ukitafuta njia ambayo haipo. Mkao wa Mzuka, unaowatia maadui hofu, unakuja baadaye Toyotama, eneo la pili, kwenye matukio ya Yarikawa. La pili ni uchovu. Kumfuata mbweha kunafurahisha mara ya tano. Mara ya thelathini unamfuata huku unawaza mengine. Wasafishaji wengi huishiwa pumzi Toyotama na hawaioni theluji ya Kamiagata, eneo la mwisho.

Kufuata simulizi kuu

Hadithi inakwenda kwa kasi yake, na hasira ya Jin dhidi ya Khotun Khan, kiongozi wa Wamongolia, haikatizwi na kuoga kwenye chemchemi kila dakika kumi. Zana za simulizi zinakuja mapema. Muda unaotumika ni mfupi kuliko njia zote. Hasara ni kwamba unafika Toyotama ukiwa na afya ndogo, nafasi chache za hirizi, na labda mkao mmoja ama miwili. Kwenye Easy haina neno. Kwenye Hard inauma. Kwenye Lethal, ajabu yake, inavumilika kuliko kwenye Hard kwa anayejua kukinga, kwa sababu katana yake tayari inakata na kukosa afya si tofauti kubwa.

Tahadhari moja: visa vya wenza si vya kurukwa kirahisi. Masako na Ishikawa kila mmoja ana mlolongo wa visa tisa, na kwa maandishi yake baadhi vinashinda sehemu za simulizi kuu. Anayevikimbia ili "amalize gemu" anakosa nusu ya gemu yenyewe.

Kuwinda zawadi

Hapa unaangalia kwanza zawadi, ndipo unakwenda. Ramani ya gemu inakusaidia, kwa kuwa inaonyesha zawadi ya kisa kabla hujakianza. Vinavyotangulia ni visa vya hadithi za kale, vile vinavyosimuliwa na wanamuziki. Izuhara peke yake ina vitatu vya kutosha kubadilisha mchezo: Pigo la Mbinguni, linalopenya kinga ya adui, upinde mrefu wa Uchitsune, na vazi la Tadayori kwa wapenda mishale. Toyotama ina Ngoma ya Ghadhabu, inayoangusha maadui watatu kwa mpigo kwa gharama ya azma nyingi. Upanga wa moto uko Kamiagata, juu ya mlima Jogaku, na njiani unalazimika kuota moto kila mara usije ukaganda kwa baridi.

Wakati huohuo unaruka bila majuto vitu vya pambo. Haiku zinakupa vitambaa vya kichwani, na Nguzo za Heshima zinakupa mapambo ya upanga. Vizuri kwa macho, havikati mtu. (Ingawa nakiri kitambaa cheupe kwenye upepo wa Tsushima kina mvuto wake.)

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inageuza kisiwa kuwa orodha ya manunuzi. Gemu haina ramani ndogo pembeni ya skrini kwa makusudi. Upepo ndio unaokuongoza ili uangalie mandhari. Mwindaji wa zawadi anafunga macho mpaka afike. Wanakijiji unaowaokoa barabarani hukuambia habari za maeneo ya jirani, na mwenye haraka huwapita.

Vinavyokaa pamoja

Ukiunganisha pande mbili, baadhi ya jozi zinakaa vizuri na nyingine zinagombana. Hard na kusafisha eneo zinaelewana, mradi usafishe kambi, chemchemi na mianzi, ukaache mahekalu hadi upate kulabu. Lethal na kuwinda zawadi vinaendana hata zaidi: mbweha, hirizi, Pigo la Mbinguni, basi. Easy na kusafisha kila kitu kwa ajili ya nguvu ni kazi bure, lakini Easy na kusafisha kwa ajili ya mandhari ni likizo nzuri. Hard na kukimbia simulizi ndiyo jozi ninayoiona ikiwakatisha tamaa watu wengi, nao hulaumu ugumu wakati tatizo ni afya ambayo haijawahi kuguswa na maji ya moto.

Kwa hali yako

Kama ni mara yako ya kwanza na umeshacheza gemu nyingine za mapigano, anza Normal. Fanya kambi chache, visa viwili vya wenza, na hadithi moja ya kale, kisha jipime kwenye pambano la kwanza kubwa la mtu kwa mtu. Ukilimaliza bila jasho, panda Hard hapohapo. Hakuna cha kupoteza.

Kama una muda mchache kwa wiki, Easy au Normal na simulizi kuu, ukiongeza visa vya Masako na Ishikawa pekee. Alama nyingine zitakusubiri baada ya mwisho.

Kama unatafuta platinamu, chagua kiwango kinachokupa raha, kwa kuwa trofi hazijali. Safisha eneo moja kwa wakati, lakini baada ya kumaliza sehemu yake ya simulizi, ukiwa na zana zote mkononi.

Kama umeshaimaliza mara moja na unarudi kwa New Game+, Lethal inakaa vizuri huko, kwa sababu unaanza na ustadi na hirizi zako na hutalazimika kuwafuata mbweha upya.

Kama vidole havikufuati, washa hali ya mapigano mepesi na uache kiwango pale unapokipenda.

Na kama una Director's Cut, kisiwa cha Iki kinafunguka ukishafika Toyotama. Huko kuna waganga wanaoimba nyuma ya kundi na kuwatia wenzao nguvu, kwa hiyo kwa mchezaji wa Hard na Lethal ni bora kufungua kwanza mikao yote minne. Wa Easy na Normal aende mara tu mlango unapofunguka, na akifika, amalizane na mganga kwa upinde kabla ya kuchomoa katana.